Kwa nini chuoni wanasoma Katiba ya Marekani? Maelezo kwa vijana wa Bariadi na Simiyu nzima

 

Wiki iliyopita binamu yangu anayesoma sheria Mwanza alikuja likizo na begi limejaa madesa. Mimi kidato cha nne nimeshamaliza, jioni sina la kufanya, nikaanza kuyapekua. Desa la kwanza la somo la Katiba, ukurasa wa pili tu, nakutana na Marbury, Madison, Marshall... Nikamuuliza, "Dada, hii Katiba ni ya Tanzania au ya Marekani?" Akacheka. "Mdogo wangu, hata sisi wiki ya kwanza tuliuliza hivyo hivyo."

Basi nimelifuatilia hilo swali, maana najua wengi mnaojaza fomu za vyuo mtakutana nalo, na msiokwenda chuo pia linawahusu, nitawaonyesha kwa nini. Ni ndefu kidogo. Ongezeni nusu saa.

SEKONDARI TUNAISHIA WAPI

Somo la Uraia wote tumelisoma. Mihimili ya dola ni mitatu: Bunge linatunga sheria, Serikali inatekeleza, Mahakama inatafsiri. Unakariri, unaandika kwenye mtihani wa taifa, unapata alama zako, unasahau. Sisi hatukuwahi kuishika Katiba yenyewe mkononi hata siku moja, tuliisoma kupitia kitabu kinachoielezea. Simlaumu mtu, darasa lilikuwa na watu wengi na kitabu kimoja kwa dawati.

Chuoni wanaanza pale sisi tulipoishia. Swali lao si mihimili ni mingapi. Swali ni kwamba mihimili ikigombana, nani anaweza kumwambia mwenzake HAPANA, na anatumia maneno gani ya Katiba kusema hivyo? Somo zima liko hapo. Na ndiyo sababu Marekani inaingia, kwa sababu ugomvi wao wa kwanza mkubwa wa aina hiyo umeandikwa vizuri na una kichekesho ndani yake.

KISA CHA MARBURY

Mwaka 1801 Rais John Adams alikuwa anaondoka madarakani baada ya kushindwa na Thomas Jefferson. Siku za mwisho mwisho akateua mahakimu wengi wa upande wake. Barua zikasainiwa, zikapigwa muhuri, lakini nyingine hazikuwahi kufikishwa kwa wenyewe. Mmojawapo ni William Marbury. Serikali mpya ikaingia, na waziri wake James Madison akakataa kumpa barua yake. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu.

Jaji Mkuu alikuwa John Marshall. Sasa sikilizeni: huyu Marshall ndiye aliyekuwa waziri wa Adams, yeye mwenyewe ndiye alishindwa kuzifikisha zile barua! Leo mtu angesema ajitoe kwenye kesi. Hakujitoa. Februari 1803 akatoa hukumu: Marbury ana haki ya barua yake, ila sheria ya mwaka 1789 inayoiruhusu Mahakama ya Juu kupokea kesi ya namna hii moja kwa moja inapingana na Katiba, na sheria inayopingana na Katiba si sheria. Marbury akaondoka mikono mitupu. Mahakama ikaondoka na nguvu ya kufuta sheria za Bunge, nguvu ambayo ukisoma Katiba ya Marekani neno kwa neno huioni imeandikwa popote. Marshall aliipata kwa hoja tu.

Mwalimu akishamaliza kisa hicho (binamu ananiambia) anawaambia wafungue Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 64, ibara ndogo ya 5. Na nyie fungueni, ipo kwenye tovuti ya Bunge bure. Inasema wazi kwamba sheria yoyote ikiikiuka Katiba, Katiba ndiyo yenye nguvu, na hiyo sheria ni batili kwa kiasi ilichokiuka. Yaani kile ambacho Marshall alikitafuta kwa kurasa nyingi za hoja, sisi tumekiandika kwa Kiswahili chepesi kabisa. Halafu ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda kwa hatua za kisheria kuilinda Katiba, na ya 30 inasema ukiona haki yako imevunjwa au inaelekea kuvunjwa, mlango ni Mahakama Kuu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Tanzania hamhitaji Marbury kama sheria. Anamhitaji kama swali. Swali lenyewe ni gumu: kama kwetu imeandikwa, mbona kwa miaka mingi haikuwa na meno?

Jibu liko kwenye historia yetu. Tanganyika ilipata uhuru 1961 bila orodha ya haki za binadamu ndani ya Katiba. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi changa ina kazi ya kujenga taifa, na majaji wengi wakati ule walikuwa wageni, wangeweza kutumia orodha hiyo kuzuia mipango ya serikali. Unaweza kukubali au kukataa, darasani ndipo watu wanapochapana hasa. Katiba ya Jamhuri ya 1962 haikuwa nayo, ya muda ya 1965 haikuwa nayo, hata ya 1977 ilipoanza haikuwa nayo. Ikaingizwa 1984, lakini serikali ikapewa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kwanza, kwa hiyo mahakamani ikaanza kutumika Machi 1988. Mzazi wako anaweza kuwa mkubwa kuliko haki zako.

TOFAUTI AMBAZO WANAFUNZI WANATEGWA NAZO

Hapa ndipo ukisoma Marekani kwa kukariri unaumbuka. Mambo mengi yana jina moja lakini kazi tofauti.

Chukua mawaziri. Marekani mbunge haruhusiwi kushika cheo serikalini, akiteuliwa waziri lazima aache kiti. Kwetu ni kinyume kabisa, waziri LAZIMA awe mbunge, ibara ya 55. Kwa hiyo mtu anayesema "sisi na Wamarekani wote tuna mgawanyo wa madaraka" amesema kweli nusu. Waziri wetu asubuhi anajibu maswali ya Bunge, na jioni anapiga kura kama mbunge.

Au chukua Rais kukataa kusaini muswada. Marekani, mabunge yao yote mawili yakipata theluthi mbili, muswada unakuwa sheria Rais atake asitake. Kwetu, ibara ya 97: Rais akiurudisha, kwa kawaida hauwezi kupelekwa kwake tena mpaka ipite miezi sita. Ukirudishwa na theluthi mbili ya wabunge wote, ana siku 21 za kuusaini... au alivunje Bunge! Hebu jiweke kwenye viatu vya mbunge. Umetumia hela zako zote kwenye kampeni, barabara za vumbi kutwa nzima, halafu unaambiwa kura yako ya ndiyo inaweza kukurudisha jimboni kuomba kura upya. Utapiga ndiyo?

Majaji wao wa Mahakama ya Juu wanakaa maisha yao yote. Kwetu Katiba inaweka umri wa kustaafu, 60 kwa Mahakama Kuu na 65 kwa Mahakama ya Rufani.

Kubadilisha Katiba nako. Wao wanahitaji theluthi mbili za mabunge yote mawili, halafu robo tatu ya majimbo, yaani majimbo 38 kati ya 50. Tangu 1787 wamefanya mabadiliko 27 tu, na kumi ya kwanza yaliingia kwa pamoja 1791. Sisi tunahitaji theluthi mbili ya wabunge (kwa mambo fulani, theluthi mbili ya wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar), na kati ya 1977 na 2005 tulishafanya mabadiliko 14. Ipi bora? Yao ngumu kuharibu na ngumu kutengeneza. Yetu rahisi yote mawili. Mimi nilikuwa najua jibu kabla sijaanza kusoma, sasa sijui tena.

KESI ZA KWETU KANDA YA ZIWA

Hii sehemu ndiyo iliyonifanya niandike. Nilidhani kesi kubwa za Katiba ni za Dar tu. Kumbe mbili kati ya zile ambazo kila mwanafunzi wa sheria nchini anazisoma zimetoka huku huku kwetu.

Ya kwanza ni Ephrahim dhidi ya Pastory. Mama mmoja wa Kihaya, mtu mzima, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakama ya mwanzo akidai mila ya Wahaya hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na kweli mila iliyoandikwa ilikuwa inasema hivyo. Mwanaume anaweza, mwanamke hawezi. Mahakama ya mwanzo ikafuta mauzo. Mahakama ya wilaya ikamrudishia mama haki yake. Rufaa ikaja Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya. Mwaka 1990, miaka miwili tu baada ya haki za 1988 kuanza kufanya kazi, akasema mila hiyo inabagua, inapingana na ibara ya 13, na tangu hapo wanaume na wanawake wana haki sawa ya kuuza ardhi ya namna hiyo.

Mwalimu mzuri haishii hapo. Anauliza: je, ibara ya 13 inazungumzia sheria za Bunge tu au na mila pia? Jaji ana mamlaka ya kubadilisha mila ya watu, au aliambie Bunge libadilishe? Na huyo mama, hukumu ikishatoka, anarudi kuishi na ukoo ule ule... atasalimiwa? Hapo darasa linagawanyika. Binamu anasema wanaume wa darasani kwao waliongea sana siku hiyo.

Ya pili ni Daudi Pete, mshtakiwa aliyefikishwa mahakama ya wilaya Musoma kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kifungu cha 148, ilikuwa inafunga dhamana kwa kosa hilo moja kwa moja, hakimu hana la kufanya hata akikuona huna hatia. Kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na 1991 majaji wakasema kipande kile cha kifungu kinapingana na Katiba: ukimnyima mtu uhuru wake lazima kuwe na utaratibu wa kumsikiliza, na sheria inayobana haki isibane kupita inavyohitajika kwa lengo lake. Kipimo hicho mwanafunzi anakiweka kichwani mpaka anazeeka.

Lakini msishangilie mapema. Mwaka 2020 suala la dhamana likarudi kwa jina la Sanga. Mahakama Kuu mwezi Mei ikafuta kifungu cha 148(5), na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Desa la mwaka juzi linaweza kukufelisha mwaka huu! Hata Wamarekani ni hivyo hivyo: haki ya kutoa mimba waliyoikubali mahakamani 1973 waliifuta 2022.

WANAVYOSOMA

Njia ya kusoma sheria kwa kesi ilianzishwa na Langdell pale Harvard kuanzia 1870. Huko nyuma mwanafunzi alikuwa anasikiliza mhadhara anakariri. Langdell akawapa hukumu zenyewe, wasome usiku, kesho mwalimu anamsimamisha mmoja na kumkamua maswali mpaka jasho limtoke. Kwetu Kitivo cha Sheria Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, cha kwanza Afrika Mashariki, miezi miwili kabla ya uhuru, na wakafundisha Watanganyika, Wakenya na Waganda pamoja.

Kwenye madesa ya binamu kila kesi imekatwa vipande vinne: nini kilitokea, swali la kisheria ni lipi, mahakama imeamua nini, kwa sababu gani. Hicho cha nne ndicho chenye alama. Ukiandika kwamba mama alishinda, umepata moja. Ukieleza kwa nini jaji alisema hivyo na mtu mwenye akili angeweza kumpinga vipi, hapo umesoma.

Kuna jambo moja linaniudhi na nalisema. Katiba yetu ya 1977 ilitungwa kwa KISWAHILI. Ile ya Kiingereza ni tafsiri. Lakini chuoni inafundishwa kwa Kiingereza, mtihani Kiingereza, hukumu nyingi za zamani Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa Nkololo anayejua Kisukuma na Kiswahili anasoma tafsiri ya kitu ambacho angekielewa moja kwa moja! Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Madarasani sijaona desa la Kiswahili bado. Ukiwa nalo niletee.

WATU WAWILI WA BARIADI

Tusijione tuko mbali na haya mambo. Mwaka 2012, mwaka ule ule Simiyu ilipokuwa mkoa, Tume ya Jaji Warioba ilianza kukusanya maoni ya Katiba Mpya. Ndani yake alikuwemo Palamagamba Kabudi, mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo darasa lilitoka likaenda vijijini. Rasimu ya pili ikatoka Desemba 2013 ikiwa na serikali tatu. Bunge Maalum likakaa Dodoma kuanzia Februari 2014, na mwenyekiti wa Kamati ya Uandishi alikuwa Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi, msomi wa Dar es Salaam na Harvard, Mwanasheria Mkuu wa Serikali 1993 hadi 2005. (Najua mtaniletea habari zake nyingine kwenye maoni. Leo si siku yake hiyo.) Katiba Inayopendekezwa iliyotoka kwenye kalamu ya kamati yake ilirudi kwenye serikali mbili.

Na wa pili? John Cheyo, Bwana Mapesa, mwenyekiti wa UDP na mbunge wa Bariadi Mashariki wakati huo. Septemba 2014, akiwa mwenyekiti wa kituo cha demokrasia kinachokutanisha vyama, ndiye aliyetangaza makubaliano ya vyama na Rais Kikwete kwamba kura ya maoni isingewezekana kabla ya uchaguzi wa 2015. Hata hivyo kura ikapangwa Aprili 30, 2015, na mwanzoni mwa mwezi huo Tume ya Uchaguzi ikaiahirisha kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika. Mmoja wa Bariadi aliiandika, mwingine wa Bariadi alisema isubiri. Ningekuwa mwalimu ningetoa huo mtihani nzima nzima.

KAMA UNATAKA KUANZA

Kwa sisi wa kidato cha nne mlango upo: Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa cheti na stashahada ya sheria. Kidato cha sita unaweza kwenda shahada moja kwa moja, tofauti na Marekani ambako lazima uwe na shahada nyingine kwanza. Baada ya shahada, anayetaka uwakili anapitia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanza 2008. Na ukiwa huna ada ya chochote, hukumu za mahakama zetu zipo kwenye TanzLII, bure, unalipia dakika za kafe tu.

Namalizia na swali ambalo binamu aliniachia asubuhi anapanda basi la Mwanza, ni la zoezi lao la darasani.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alifungua shauri kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana ni 18. Mahakama Kuu ikasema vinapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Halafu mwaka 2020 Bunge likabadilisha sheria ya kudai haki za msingi, likataka anayefungua shauri la namna hii aeleze kwa kiapo jinsi yeye BINAFSI alivyoathirika.

Sasa zoezi. Binti wa Itilima ana miaka 15, amemaliza darasa la saba na hakuendelea. Angekuwa bado shuleni, anayemuoa angekabiliwa na miaka 30 jela kwa mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016, lakini hayuko shuleni. Baba ameshapokea ng'ombe. Mwalimu wake wa zamani anataka kwenda Mahakama Kuu kwa ajili yake. Anaweza? Asipoweza, nani aende, na kwa ibara ipi?

Jibu langu lina kurasa mbili za daftari na sina uhakika nalo. Wekeni ya kwenu hapo chini kwenye maoni, mkitaja ibara. Anayeandika "inategemea" bila kusema inategemea nini, namfuta.